Shekhar Mehta: Mfalme wa tope aliyebeba Safari Rally mara tano bila kompyuta

Shabiki wa Simba au Yanga aliyewahi kupanda basi Dar es Salaam kuifuata timu yake Ruangwa, kwenye Uwanja wa Majaliwa dhidi ya Namungo, anaijua barabara ya kusini kwa mgongo wake. Anatoka Mbagala, anapita Mkuranga, Kibiti na Ikwiriri, anavuka Mto Rufiji juu ya Daraja la Mkapa, anaipita Somanga, anashuka kunyoosha miguu Nangurukuru pale njia panda ya Kilwa Masoko, halafu anaendelea kuitafuta Mchinga na Lindi mjini. Leo kote huko ni lami na safari inakwisha ndani ya siku moja.

Wazee wa Lindi wakisikia hivyo wanacheka. Kabla daraja halijafunguliwa mwaka 2003, watu walikuwa wanavuka Rufiji kwa kivuko cha Ndundu. Na hata baada ya daraja kuja, kipande cha Ndundu mpaka Somanga, kilomita 60 tu, kilibaki udongo kwa miaka mingine zaidi ya kumi. Masika ikiingia, mabasi yalikuwa yanalala pale. Abiria wanashuka, wanavua viatu, wanasukuma. Utingo anakata matawi na kuyatandika chini ya tairi. Tairi linazunguka, tope linaruka mpaka kwenye madirisha, basi halisogei hata hatua. Na Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilipokata barabara eneo la Somanga, hata vijana wa kizazi cha lami walionja kidogo walichokula baba zao.

Katika tope la namna ile ile, jamaa mmoja mzaliwa wa Kampala alijenga jina ambalo mpaka leo ukilitaja mbele ya mpenzi yeyote wa mbio za magari Afrika Mashariki, anakaa sawa. Aliitwa Shekhar Mehta. Ushindi wake aliuchukua kaskazini, mbali na Kilwa, lakini dereva wa basi wa kusini angemwelewa bila mkalimani: ni yule mtu anayejua tairi limeanza kuteleza kabla gari halijajua lenyewe.

Siku hizi kazi hiyo inafanywa na kompyuta. Angalia kwenye dashibodi ya gari lolote la miaka ya karibuni lililotoka Japani na kupita bandari ya Dar es Salaam. Kuna taa ndogo ya njano yenye picha ya gari na alama mbili zilizopindapinda nyuma yake, kama nyoka. Wengi wanaiona ikiwaka ukiwasha gari, inazima, basi, hawaulizi tena. Taa hiyo ni ya mfumo unaozuia gari kuserereka. Mehta hakuwahi kuwa nayo katika ushindi wake wowote, na ukitaka kujua mfumo huo unafanya nini hasa, maisha yake yanaeleza vizuri kuliko kitabu cha gari ambacho hakuna mtu anakisoma.

KIJANA WA KAMPALA

Mehta alizaliwa Juni 20, 1945, katika familia ya Kihindi iliyokuwa na mashamba makubwa Uganda. Hakuwa mtoto wa shida, na hilo lisemwe mapema, kwa sababu mbio za magari hazikuwahi kuwa mchezo wa mtu asiye na kitu. Alianza kushindana akiwa na miaka 21, na gari lake la kwanza la mbio lilikuwa BMW.

Wakati huo Safari ilikuwa imeshakuwa sherehe ya Pasaka ya nchi tatu. Ilianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia wa Uingereza, na njia yake ilikatiza Kenya, Uganda na Tanganyika. Tangu mwaka 1960 iliitwa East African Safari. Haikuwa kama mbio za Ulaya ambako barabara inafungwa, dereva anapimwa kwa sekunde katika vipande vifupi, kisha anakwenda kunywa chai. Hapa barabara ilikuwa wazi. Ng'ombe, malori, baiskeli, mabasi ya abiria, wote mnapita humo humo. Unapewa muda wa kufika kituo fulani, ukichelewa unakatwa pointi kwa kila dakika. Unakwenda hivyo usiku na mchana, kwa maelfu ya kilomita.

Na Pasaka, kwa bahati mbaya au nzuri, inaangukia masika.

Mwaka 1963 yalianza magari mengi, yakamaliza saba tu. Mwaka 1968 ikawa hivyo tena, saba. Timu kubwa za Ulaya zilikuja na madereva wenye majina, zikaondoka zimebeba vyuma. Kwa miaka karibu 20 hakuna dereva wa kutoka nje ya eneo hili aliyeshinda, mpaka Hannu Mikkola wa Finland alipovunja mwiko mwaka 1972 akiwa na Ford Escort. Kabla ya hapo walikuwa wanashinda watu wa huku: Joginder Singh wa Kenya na Volvo yake mwaka 1965, halafu Bert Shankland, mzungu aliyekuwa akiishi Tanzania, na Peugeot 404 mwaka 1966 na 1967. Wenyeji walikuwa na kitu ambacho wageni hawakuwa nacho. Walikuwa wanajua kuangalia rangi ya udongo.

Mehta alijitambulisha mwaka 1971. Alimaliza wa pili akiwa na Datsun 240Z, nyuma ya Edgar Herrmann aliyekuwa na gari kama hilo hilo. Ana miaka 25, Safari ipo mkononi karibu kabisa. Kwa lugha ya mpira, alikuwa amefika fainali na kupoteza, na kila mtu alijua atarudi.

Kilichofuata hakikuwa mchezo. Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia Uganda na kuwapa siku 90. Familia ya Mehta ilikuwa miongoni mwa waliopoteza nyumbani. Walihamia Kenya. Mtu aliyezaliwa Kampala, aliyejifunza gari kwenye barabara za Uganda, ghafla hana Uganda. Toka mwaka huo, jina lake kwenye orodha za mashindano lilibebwa na bendera ya Kenya.

PASAKA YA 1973

Miezi michache tu baada ya hapo, Pasaka ya 1973, Mehta alisimama tena kwenye mstari wa kuanzia na Datsun 240Z, msoma ramani wake akiwa Lofty Drews. Huo ndio mwaka ubingwa wa dunia wa mbio za magari ulipoanza rasmi, na Safari ilikuwa moja ya raundi zake.

Ile 240Z tuielewe. Ni gari la milango miwili, pua ndefu, injini ya silinda sita mbele na nguvu yote inakwenda tairi za nyuma. Kwenye lami kavu ni raha. Kwenye tope, gari la namna hiyo lina tabia moja mbaya: ukikanyaga mafuta zaidi ya kiasi, tairi za nyuma zinashindwa kushika, mkia unataka kupita mbele ya pua. Hapo unageuka, unajikuta unaangalia ulikotoka, au umo mtaroni.

Anayecheza mpira analijua jambo hili bila kufundishwa. Uwanja umelowa, winga amevaa viatu visivyo na njumu, anakimbia moja kwa moja vizuri tu. Akijaribu kukata ndani ghafla, mguu unakwenda, yeye anabaki chini. Kiatu kina kiwango chake cha kushika. Unaweza kukitumia chote kukimbia mbele, au chote kugeuka, ila ukitaka vyote viwili kwa pamoja huku chini kuna maji, kiatu kinakataa. Tairi ni hivyo hivyo. Lina kiasi fulani cha kushika, na dereva anakigawa kati ya kwenda, kusimama na kukata kona. Tope linakipunguza kiasi hicho mpaka kinabaki kidogo sana.

Siri yote ya Mehta ilikuwa kwenye mgawanyo huo. Anaachia mafuta kabla ya kona badala ya ndani ya kona. Mkia ukianza kukimbia, anageuza usukani kuufuata, kidogo, kisha anarudisha kabla gari halijapiga upande wa pili. Mguu wa kulia unapanda na kushuka kwenye pedali kama mtu anayepiga cherehani. Yote hayo katika muda ambao abiria wa kawaida hajajua hata kwamba gari limeteleza.

Mwisho wa mbio wakatokea watu wawili wenye pointi sawa kabisa. Mehta kwenye 240Z, na Harry Källström wa Sweden, naye akiwa na Datsun, ya aina nyingine. Baada ya maelfu ya kilomita, kelele zote zile, wanalingana. Shabiki wa Ligi Kuu anaelewa: pointi zikilingana, lazima uangalie kitu kingine, na mtu mmoja atalala na maumivu. Kwenye mpira tunahesabu mabao. Kanuni ya Safari iliangalia nani alikwenda mbali zaidi tangu mwanzo bila kupoteza pointi. Alikuwa Mehta.

Hivyo mkimbizi wa mwaka jana akawa bingwa wa Safari, na mtu wa kwanza kutoka nje ya Ulaya kushinda raundi ya ubingwa wa dunia wa mbio za magari. Kanuni iliyomsaidia ina maana yake pia. Haikumpa ushindi kwa kukimbia sana mwishoni. Ilimpa kwa kutokosea mapema.

KOMPYUTA INAFANYA NINI HASA

Tuache mbio kidogo, tuingie chini ya bodi ya gari la kawaida la leo.

Kwenye kila tairi kuna sensa ndogo inayohesabu mzunguko. Tairi nne, sensa nne. Kazi yake ya kwanza ilikuwa breki: kampuni ya Bosch na Mercedes-Benz walileta mwaka 1978 ule mfumo unaozuia tairi kujifunga ukikanyaga breki kwa nguvu, ambao wengi tunauita ABS. Tairi likijifunga halikati kona tena, linateleza kama sabuni. Mfumo unalegeza breki na kuibana tena haraka haraka, mara nyingi kwa sekunde, ndiyo maana pedali inatetemeka mguuni. Dereva asiyejua anashtuka na kuachia. Kosa. Ukisikia inatetemeka, endelea kukanyaga.

Baadaye wakafikiria kinyume chake. Kama sensa zinaweza kujua tairi limesimama wakati gari linakwenda, basi zinaweza pia kujua tairi linazunguka wakati gari limesimama. Hilo ndilo tope la Somanga. Hapa kuna jambo ambalo watu wengi waliowahi kukwama hawakuwahi kuelezwa. Kati ya tairi mbili zinazosukuma gari kuna difu, na difu ya kawaida ina tabia ya kupeleka mzunguko kule kwenye upinzani mdogo. Tairi la kushoto likiwa kwenye tope na la kulia kwenye ardhi ngumu, la kushoto ndilo litakalozunguka kama pangaboi, na lile la kulia, ambalo lingeweza kukutoa, linakaa kimya. Ni kama timu inayompigia pasi mchezaji aliyeanguka chini na kumwacha aliyesimama peke yake mbele ya goli.

Mfumo wa kuzuia tairi kuzunguka bure unafanya mambo mawili. Unalibana breki lile tairi linalozunguka, hapo difu inaona upinzani umepanda upande huo na inapeleka nguvu upande wa pili. Na kama bado, unapunguza nguvu ya injini hata kama dereva amekanyaga mafuta mpaka chini. Magari ya kifahari yaliupata miaka ya 1980, mengine yakafuata.

Hatua ya tatu ndiyo kubwa, na hapa ndipo ile picha ya gari lenye nyoka inapoingia. Mwaka 1995 Mercedes na Bosch waliweka kwenye magari ya daraja la S mfumo unaojua gari linaelekea wapi. Kuna sensa kwenye usukani inayosema dereva anataka kwenda wapi. Kuna nyingine katikati ya gari inayopima gari linajizungusha kwa kasi gani, kama mtu aliyekaa kwenye kiti cha kinyozi, na nyingine inayopima gari linasukumwa kiasi gani upande. Kompyuta inalinganisha: dereva ameomba hivi, gari linafanya hivi. Inauliza swali hilo mara 25 kila sekunde.

Majibu yakitofautiana, inaingia kati. Tuseme unakata kona ya kulia na mkia unakimbia kwenda kushoto. Kompyuta inabana breki tairi moja tu, la mbele kushoto, lile la nje ya kona. Tairi hilo likishikwa, linavuta pua irudi nje na mkia unatulia. Tuseme kinyume chake, umekata usukani kulia lakini gari halisikii, linakwenda moja kwa moja kuelekea mtaroni. Inabana tairi la nyuma kulia, la ndani ya kona, na gari linazunguka kuifuata kona. Na mara zote inapunguza nguvu ya injini. Hakuna binadamu anayeweza kufanya hivyo, hata Mehta. Si kwa sababu hakuwa na kipaji. Gari lina pedali moja ya breki kwa tairi zote nne.

Dunia ilishtuka kuhusu jambo hili mwaka 1997, wakati waandishi wa jarida moja la magari la Sweden walipolipeleka gari dogo jipya la Mercedes, daraja la A, kwenye jaribio la kukwepa kitu cha ghafla barabarani. Lilipinduka. Aibu ilikuwa kubwa, na kampuni ikaamua kuweka mfumo huo kwenye kila gari la aina hiyo. Kitu kilichokuwa cha matajiri kikashuka kwa watu wa kawaida. Marekani wakaufanya lazima kwa magari madogo mapya ya kuanzia toleo la 2012, Ulaya ikafuata kwa magari mapya yote mwaka 2014.

MIAKA MINNE MFULULIZO

Baada ya 1973 Mehta hakushinda tena kwa miaka sita. Mbio zilibadilika jina zikawa Safari Rally mwaka 1974, zikabaki ndani ya Kenya. Joginder Singh akashinda tena mwaka 1974 na 1976, safari hii na Mitsubishi. Wazungu nao walikuwa wameshajifunza: Ove Andersson, Björn Waldegård, Jean-Pierre Nicolas, wote walichukua kombe. Wapo waliodhani Mehta ni mtu wa Pasaka moja.

Mwaka 1979 akarudi na Datsun 160J. Ukiiona leo utafikiri ni teksi ya zamani. Gari la kawaida, milango minne, injini ndogo ya silinda nne, nguvu kwenye tairi za nyuma. Upande wa pili walikuja Mercedes na 450 SLC, injini ya lita tano, silinda nane, na dereva wao alikuwa Mikkola yule yule aliyeshinda mwaka 1972. Kwenye karatasi ilikuwa mechi ya timu ya mkoa dhidi ya Al Ahly. Mehta akashinda, Mikkola wa pili.

Ukiuliza ile Datsun ilishindaje, jibu limo kwenye mlinganyo wa tope. Nguvu nyingi haina faida kama tairi halishiki. Dereva wa gari lenye nguvu kubwa kwenye ardhi inayoteleza anafanya kazi ya kuzuia, si ya kukimbia. Gari jepesi linazama kidogo, na likikwama watu kumi wanalinyanyua. Kando ya njia za Safari watu walikuwa wengi.

Akashinda tena 1980. Na 1981. Na 1982. Mara nne mfululizo, mara zote pembeni yake amekaa Mike Doughty, na mara zote na Datsun ya ukoo ule ule wa Violet. Katika miaka hiyo aliwaacha nyuma watu kama Rauno Aaltonen wa Finland, aliyemaliza wa pili 1980 na 1981 akiwa na gari la timu moja naye, na Walter Röhrl wa Ujerumani mwaka 1982, mwaka ambao Röhrl huyo alikuwa bingwa wa dunia. Si watu wa kubahatisha hao. Aaltonen alikulia kwenye barafu, kuteleza kwake ni kama kutembea.

Kushinda Safari mara moja unaweza kusema bahati: wengine walikwama, wewe hukukwama. Mara nne mfululizo, kwenye karibu kilomita 5,000 kila mwaka, neno bahati linakuwa tusi. Mbio zile zilikuwa zinavunja magari, na gari la Mehta lilikuwa linafika. Hiyo ndiyo sehemu ya kipaji chake ambayo mashabiki wa kasi hawapendi kuisikia. Mtu huyu alijua kuliacha gari lipumue. Alijua lini apoteze dakika mbili kwenye kivuko cha mto ili asipoteze saa mbili.

Nje ya Kenya pia alionekana. Mwaka 1981 alimaliza wa tano katika msimamo wa ubingwa wa dunia, jambo kubwa kwa dereva wa Afrika. Mkewe, Yvonne, naye alikuwa mtu wa mbio, na katika baadhi ya mashindano ya nje ndiye aliyekaa kiti cha msoma ramani.

TEKNOLOJIA IKAMPITA

Wakati Mehta anashinda kombe lake la tano, Audi ilikuwa tayari imewaka Ulaya na Quattro, gari la mbio linalosukumwa na tairi zote nne. Kwa mtu wa tope, hilo lilikuwa jambo la kutisha. Nguvu ikigawanywa kwa tairi nne badala ya mbili, kila tairi linabeba mzigo mdogo na linateleza kwa shida. Lakini Safari haikukubali haraka. Mwaka 1983 Audi walikuja, wakapata nafasi ya pili na ya tatu, wakashindwa na Ari Vatanen aliyekuwa na Opel ya tairi mbili. Ilichukua mpaka 1987 ndipo gari la tairi nne likashinda Safari, Audi ya Mikkola. Mehta mwenyewe alikuwa amehamia huko: aliendesha Peugeot 205 T16, moja ya yale magari ya nguvu za ajabu yaliyopigwa marufuku kwenye ubingwa wa dunia kwa sababu yalikuwa yanaua.

Mwaka huo huo wa 1987 alipata ajali mbaya kwenye mbio za jangwani za Farao, nchini Misri. Aliumia sana. Ndiyo ikawa mwisho wa Mehta kama dereva wa mashindano.

Hapa pana jambo la kusemwa wazi kwa kijana anayeendesha kutoka Lindi kwenda Dar usiku akiamini ile taa ya njano itamlinda. Kompyuta haiongezi kushika kwa tairi. Inagawa tu kile kilichopo, kwa haraka kuliko mguu wa binadamu. Tairi likiwa kipara, hakuna cha kugawa. Ukiingia kona ya kilomita 60 kwa saa na kilomita 110, kompyuta itabana kila tairi inaloweza na gari litatoka barabarani likiwa limenyooka vizuri. Na kama gari ni la mtumba, sensa moja imekatika, taa inawaka muda wote na fundi amekushauri utoe balbu ili isikusumbue, basi huna mfumo kabisa. Unaendesha 240Z bila mikono ya Mehta.

Kuna na upande mwingine, wa tope lenyewe. Ukikwama kwenye udongo mweusi, ule mfumo unaozuia tairi kuzunguka unaweza kugeuka adui. Kwenye tope zito tairi linahitaji kuzunguka kidogo ili lijisafishe, liteme udongo uliojaa kwenye meno yake na kukwangua mpaka chini kwenye ardhi ngumu. Kompyuta ikiona mzunguko inakata nguvu, gari linakosa pumzi, linazama. Ndiyo maana magari mengi yana kitufe cha kuuzima. Unauzima ukiwa kwenye tope, unatoka taratibu kwa gia ndogo, na ukirudi kwenye lami unauwasha. Madereva wengi wanafanya nusu ya kwanza na kusahau ya pili. Formula 1, ambako wana pesa za kila aina ya kompyuta, walikataza mfumo huo kuanzia msimu wa 2008 kwa sababu nyingine: waliona mchezo unahamia kwa mafundi, mguu wa dereva haupimwi tena.

MZEE WA KAMATI

Mehta hakukaa nyumbani. Aliingia kwenye uongozi wa FIA, shirikisho la dunia la mchezo huo, na akafika kuongoza kamisheni inayosimamia mbio za magari za ubingwa wa dunia. Mtoto wa Kampala aliyefukuzwa kwao akawa ndiye anayekaa mezani na Wafaransa, Waingereza na Wafini kupanga mashindano yatakavyokuwa.

Katika miaka yake hiyo ndipo Safari ilipoanza kuugua. Gharama zilikuwa kubwa, timu zilitaka mbio fupi zinazoonekana kwenye televisheni, na barabara wazi zenye ng'ombe na malori hazikuwa tena jambo la kujivunia kwenye vikao vya usalama. Colin McRae alishinda ya 2002, na baada ya hapo Safari ikaondolewa kwenye kalenda ya dunia. Kwa mtu aliyeishinda mara tano, kuiona inaondoka akiwa ndani ya nyumba ile ile inayoamua, hapana shaka kulimchoma.

Shekhar Mehta alifariki London Aprili 12, 2006, akiwa na miaka 60. Wakati huo Safari haikuwamo kwenye ubingwa wa dunia, na hakuna aliyekuwa na uhakika kama ingerudi.

Ilirudi Juni 2021, Naivasha, ikiwa fupi, barabara zimefungwa, magari ya tairi nne yenye difu inayoongozwa kwa kompyuta. Sébastien Ogier wa Ufaransa alishinda. Mwaka uliofuata mshindi alikuwa Kalle Rovanperä, kijana wa miaka 21, umri ule ule ambao Mehta alianza na BMW yake. Ogier akashinda tena 2023, Rovanperä tena 2024. Wamepokezana. Minne mfululizo bado ni ya mtu mmoja.